Njia ya Ziwa Kivu

Sisi wa Lubutu ni watu wa mwitu. Barabara yetu yatoka Kisangani, yapita hapa na Walikale hadi Bukavu. Wengi waijua kwa Tingi-Tingi tu, ambako mwanzo wa 1997 ndege za msaada zilitua barabarani penyewe kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda.

Mwaka 2024 tulitoka Bukavu tukalifuata ziwa: Katana, Kalehe, Nyabibwe, mpaka Minova. Mkono wa kuume maji, na kisiwa cha Idjwi. Jioni wavuvi hutoka na taa kutafuta sambaza, visamaki vilivyoletwa toka Tanganyika kati ya 1958 na 1960. (Hata hivyo mgeni huviita vya asili!)

Lakini Bushushu na Nyamukubi yafaa kushuka motokaa. Huko, Mei 2023, mvua ilishusha mito ya matope, wakafa watu zaidi ya 400. Tulisalimu, tukapewa kiti, picha hatukupiga. Mama mmoja alituonyesha mawe mahali pa nyumba yake, kisha akatuuzia sambaza.

Mwaka 2025 vita vikafika Minova, Goma na Bukavu. Hatujarudi. Mama yule twamwombea.