Angekuwa na Alikuwa

Kila mwanafunzi wa kitivo chetu anakijua kiambishi -nge-. Tulifundishwa kwamba kinabeba jambo lisilo halisi: angekuja ningefurahi, maana yake hakuja na furaha yenyewe haipo. Vitabu vya sarufi vinamwongeza ndugu yake, -ngali-, kwa mambo yaliyokwisha kupita bila kutokea. Katika mazungumzo ya kila siku wasemaji wengi hawavitenganishi viwili hivyo, na hapa kwetu sikumbuki lini nilimsikia mtu akisema angalikuja nje ya darasa. Tangu mwaka jana ninakusanya sentensi za aina hiyo kwa ajili ya kazi yangu ya mwisho wa masomo. Nilidhani nitazipata nyingi kwenye misiba na kwenye kesi za mashamba. Kumbe zimejaa kwenye mpira.

Naanza na mchezaji mmoja ambaye sifa zake karibu zote alizipata katika mechi ambazo hazikuchezwa na mtu yeyote. Anaitwa Tonton Zola Moukoko. Sisi Wakongo tunalisoma jina hilo bila msaada: tonton ni mjomba au baba mdogo katika Kifaransa cha nyumbani, na zola ni upendo kwa Kikongo. Alizaliwa Kinshasa mwaka 1983, akakulia Uswidi, akalelewa kimpira katika klabu ya Djurgården ya Stockholm, kisha akiwa bado kijana akachukuliwa na Derby County ya Uingereza. Mwaka 2001 ulitoka mchezo wa kompyuta uitwao Championship Manager 01/02. Ndani yake unakuwa kocha: unanunua wachezaji, unapanga kikosi, na mashine inakupa matokeo. Kila mchezaji amegeuzwa kuwa orodha ya namba, kutoka 1 hadi 20, kwa mbio, kwa pasi, kwa ujasiri, kwa umaliziaji. Waliotengeneza orodha hizo walimwona Moukoko kijana mwenye kipaji kikubwa, wakampa namba za kipaji kikubwa. Basi kwenye kompyuta za dunia nzima akawa kiungo mshambuliaji wa kutisha, mwaka baada ya mwaka. Huku kwenye nyasi, hakuwahi kuichezea timu ya kwanza ya Derby hata mechi moja ya ligi.

Mchezo huo uliingia nyumbani kwetu Kipushi ukiwa tayari umezeeka. Yaya wangu alikuwa amepata kompyuta ya mitumba ambayo haikuweza kubeba michezo mipya, ile yenye picha za uwanja na jasho la wachezaji. Championship Manager haikuhitaji nguvu. Haina picha ya mechi; kuna mistari ya maneno tu inayopita chini ya skrini: fulani ana mpira, fulani anapiga, kipa ameokoa. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Maneno yalikuwa ya Kiingereza lakini yalijirudia, kwa hiyo yaya alinieleza maana ya mistari kama ishirini, na kuanzia hapo kazi yangu ikawa kuisomea nyumba kwa Kiswahili. Mama alikuwa akichambua mboga, majirani walikuwa wakija kuchaji simu, na mimi nasoma: Moukoko anapokea, Moukoko anageuka, Moukoko anapiga. Hapo nasimama kusubiri mstari unaofuata, na hakuna aliyepumua. Nilifanya kazi ya mfasiri kabla sijajua kwamba kuna watu wanaisomea.

Sasa nikiangalia nyuma kwa jicho la isimu, naona kwamba katika miaka ile hakuna mtu nyumbani aliyemtumia Moukoko kiambishi -nge-. Tulisema amefunga. Tulisema aliumia mwezi wa tatu, akarudi mwezi wa tisa. Jirani mmoja, fundi wa viatu, alikuja kila jioni kuuliza kama Moukoko alicheza, na jibu lilikuwa alicheza au hakucheza, kwa wakati uliopita wa kawaida kabisa, kama vile tunavyosema kuhusu mvua. Umeme ukikatika katikati ya mechi, tulisema mchezo umekatika, kwa u- ya kitu. Moukoko mwenyewe hakuwahi kupewa upatanisho wa kitu.

Hili la upatanisho halishangazi. Kiswahili kinatazama uhai kabla ya kutazama umbo la neno: kifaru anakuja, hakiji, kipofu anaona njia kwa fimbo yake. Sungura wa hadithi anapewa a-, na jini pia. Lakini kuna mfano unaovuka hata hapo. Katika mchezo huohuo wa 2001 alikuwemo mshambuliaji wa Ureno, Tó Madeira, wa klabu ndogo ya Gouveia, mwenye namba za kumtia wivu mfalme. Makocha wa kompyuta walimnunua kwa furaha, akawafungia mabao mengi. Hakuwepo. Hakuna mtu wa jina hilo aliyecheza hivyo Gouveia. Aliingizwa kwenye orodha na mtu aliyeaminiwa kukusanya namba za wachezaji wa huko, na baadaye akafutwa. Alizaliwa kwa kuandikwa, akafa kwa kufutwa. Hata hivyo jaribu kusema habari zake kwa Kiswahili bila a-. Huwezi. Lilifunga? Kilifunga? Sarufi yetu imempa uhai ambao Ureno haikuwahi kumpa.

Kwa hiyo kuna kazi mbili za wachezaji wasio na nyasi. Ya Tó Madeira ni rahisi kuisema: alifunga, basi. Hakuna mtu mwingine popote anayedaiwa mabao yale. Ya Moukoko ni ngumu, kwa sababu jina lake lina mwenyewe. Kuna mwanamume anayeamka asubuhi akiitwa hivyo. Waandishi wa michezo wanapomkumbuka, karibu kila mara ni kwa habari ya kile ambacho angekuwa, na hapo ndipo -nge- inaposhika kazi. Angekuwa nyota. Angeichezea Uswidi, au Kongo. Angewika Ulaya nzima. Ukiitazama sentensi hiyo kwa makini, inatumia mistari ya kompyuta kama ushahidi dhidi ya mtu. Maisha aliyoyaishi kweli, ya kijana aliyehama nchi mara mbili kabla ya kufikisha miaka ishirini, kisha akaendelea kuucheza mpira katika klabu ndogo, yanageuka kuwa upungufu wa maisha mengine ambayo hakuna aliyeyaishi.

Najua uzito wa -nge- hiyo kwa sababu nimeisikia ikisemwa mbele ya mtu.

Yaya wangu alizaliwa mwaka 1993, mwaka ambao mgodi wa Kipushi ulifungwa. Babu alikuwa ametumika huko chini ya ardhi miaka mingi, kwenye zinki na shaba, na uzalishaji haukuanza tena mpaka mwaka 2024. Yaani yaya amekuwa mtu mzima katika mji uliokuwa ukisubiri. Wakati wa kusubiri, mpira ulikuwa na maana. Desemba 2010 TP Mazembe iliichapa Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi, ikawa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Ikafungwa na Inter Milan 3-0, lakini Kipushi nzima ilikuwa barabarani, na watoto walirukaruka kwa makalio kama kipa Robert Kidiaba. Yaya alikuwa na miaka 17, winga, na watu wa mpira walikuwa wameanza kuja kutoka Lubumbashi kumtazama. Mwaka uliofuata goti lake liligeuka kwenye mechi ya mtaa. Halikutibiwa kama lilivyostahili kutibiwa. Ile kompyuta ya mitumba ilikuja wakati alipokuwa bado anatembelea fimbo.

Leo ni dereva wa taksi-basi kati ya Kipushi na Lubumbashi, kilomita thelathini hivi, mara kadhaa kwa siku. Abiria wa zamani wanamjua. Anapopokea nauli anaambiwa: wewe leo ungekuwa Mazembe. Wanasema kwa mapenzi, na wengine wanamwongezea nyumba, gari na mke wa Kifaransa. Nimeyarekodi mengi ya maneno hayo, kwa ruhusa yao na yake. Kwa kazi yangu ni lulu tupu, -nge- nne ndani ya sentensi moja. Yeye anacheka, anatia gia.

Mwezi wa pili nilimkalisha nyumbani na dodoso langu. Ni dodoso la kawaida: ninasoma nusu ya sentensi, msemaji anamalizia. Kama mvua isingenyesha… Kama babu angekuwa hai… Alimalizia vizuri, haraka, kwa Kiswahili chetu cha hapa. Nilikuwa nimeiandika moja kwa ajili yake, namba 14: Kama nisingeumia goti…

Akasema: “Lakini niliumia.”

Nikamweleza kwamba ni zoezi tu, amalizie chochote. Akanitazama kama anavyomtazama abiria anayetaka kupanda bila nauli. “Niliumia, mudogo. Andika vile. Mi niko hapa, minatumika.”

Msomaji wa Dar es Salaam anaweza kusikia neno hilo la mwisho vibaya. Kwao kutumika ni kuwa chombo mkononi mwa mwingine. Kwetu ni kufanya kazi, na ni neno la heshima. Wazee wa mgodi wanalitaja kwa kifua. Yaya alikuwa amechagua wakati uliopita kwa goti na wakati uliopo kwa nafsi yake, akaacha -nge- mezani.

Hapo ndipo nilipoielewa tabia yake moja ya enzi za kompyuta. Katika mchezo ule unaweza kuhifadhi kabla ya mechi, ukifungwa unarudi nyuma na kucheza upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Marafiki zake wote walifanya hivyo. Yeye hakukubali. Moukoko wetu aliumia vibaya msimu wa pili, miezi sita nje, na aliporudi namba zake za mbio zilikuwa zimeshuka. Sisi watoto tulilia arudishe nyuma. Alikataa, akambadilishia nafasi, akamrudisha katikati zaidi ambako mbio hazihitajiki sana, na akaendelea kumchezesha misimu mingine saba. Mabao yakapungua, pasi zikaongezeka. Mimi niliendelea kusoma.

Mtu anaweza kuniuliza kama siyo kichekesho kusema alifunga kuhusu bao la mashine na kukataa angefunga kuhusu mtu wa kweli. Nadhani wasemaji wetu wamelipima jambo hili zamani. Mwaka 1967 klabu ya Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika dhidi ya Asante Kotoko ya Ghana. Mechi ya kwanza ilikuwa 1-1, ya pili 2-2. Ya tatu haikuchezwa: Kotoko hawakutokea, na kombe likapewa Englebert. Babu alipotusimulia hakusema tungelichukua. Alisema tulilichukua, kisha akaenda moja kwa moja kwenye lile la 1968. Mechi ambayo haikuwepo ilikuwa imeacha kombe ambalo lipo, na wakati wa kitenzi ulifuata kilichobaki.

Ninachopendekeza kwa wenzangu wanaoandika juu ya -nge- ni hiki: tusiichunguze kama umbo la ukweli na uongo peke yake. Bao la Moukoko kwenye skrini yetu halikuwa kweli uwanjani, lakini jioni ile ilikuwa kweli, mboga zilikuwa kweli, fundi wa viatu aliuliza kweli, alifunga inatosha. Angekuwa ni kitu kingine. Inapotajwa kwa mtu aliye hai, inampima mtu kwa kipimo ambacho hawezi kukijibu, na baadhi ya wasemaji wanajua hivyo, wanakikwepa kiambishi hicho kwa makusudi kama wanavyokwepa kumtaja marehemu usiku. Hilo haliwezi kuonekana ukihesabu tu sentensi zilizotamkwa.

Mwalimu anayeniongoza aliuliza niiweke wapi sentensi namba 14, kwa kuwa haina umbo ninalolichunguza. Nilifikiria kuiacha. Mwishowe nimeiingiza kwenye jedwali pamoja na nyingine zote, na kwenye safu ya umbo la kitenzi nimeandika: -li-.