Tezi ya Simbilisi

Kuna majina ambayo Kiswahili kimeyahifadhi ilhali wasemaji wake wengi hawajapata kuyatumia. Simbilisi ni mojawapo. Ni mnyama mdogo mgugunaji, asiye na mkia, mwenye vidole vinne katika kila mguu wa mbele na vitatu katika kila mguu wa nyuma. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, alikofugwa kwa maelfu ya miaka kwa ajili ya nyama. Mashariki ya Kongo na katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, zipo kaya zinazomfuga kwa kitoweo. Huku kwetu kusini mwa Nyanza si mnyama wa kawaida. Amwonaye kwa mara ya kwanza huuliza kwa Kidholuo kama ni oyieyo, yaani panya, au apuoyo, yaani sungura.

Mpwa wangu wa Homa Bay alipewa simbilisi dume na jirani aliyekuwa akihama. Mtoto huyo analelewa na mama yangu tangu dada yangu alipofariki mwaka 2022. Kwa miezi kadhaa baada ya mazishi hakuzungumza ila kwa lazima. Ulimi wake ulifunguka mbele ya simbilisi kwanza, kisha mbele yetu.

Mwaka uliofuata, nikiwa Migori ninakofundisha, mama alinipigia simu. Nywele za mnyama karibu na makalio zilikuwa zimegandamana kwa uchafu mweusi wa mafuta, wenye harufu. Alihofia choa. "Nyathina," alisema, "mnyama anayeoza mgongo hatalala chumba kimoja na mjukuu wangu." Nikaabiri matatu hadi Homa Bay kupitia Rongo.

Hofu ya mama haikuwa ya bure, kwani choa cha simbilisi huweza kumwambukiza binadamu. Hata hivyo, daktari wa mifugo alitupambanulia mambo. Choa aghalabu huanzia usoni, nywele zikanyonyoka na ngozi ikafanya magamba. Utitiri nao huleta mwasho mkali, mnyama akajikuna hadi kujitia vidonda. Huyu wetu hakuwa na dalili hizo. Mwishoni mwa uti wa mgongo, pale ambapo mkia ungeota, simbilisi ana tezi itoayo mafuta mazito ambayo kwayo huacha harufu yake mahali anapoishi. Kwa dume tezi hiyo ni kubwa zaidi, na mafuta yake yakizidi hugandamana.

Maelezo ya daktari yalikuwa kwa Kiingereza. Usiku ule niliketi kumwandikia mpwa wangu ukurasa mmoja wa Kiswahili. Nomino ndiyo iliyonichelewesha. Hatimaye niliandika "tezi ya mafuta", nikaridhika. Vitenzi vilijileta vyenyewe: lainisha kwa mafuta ya nazi, subiri kidogo, pangusa taratibu kwa pamba bila kuvuta nywele, osha kwa maji vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, kausha hadi pakauke kabisa. Usirudie kila siku, ngozi isije ikachubuka. Pakivimba au pakitoa damu, mwite daktari. Aidha, mpe nyasi kavu daima, na pilipili hoho kila siku, kwa kuwa mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C, na akiikosa manyoya na ngozi yake hudhoofika.

Mtoto aliusoma ukurasa huo kwa sauti. "Dani," akamwambia bibi yake, "si kidonda. Ni tezi." Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba hayo ndiyo aliyoyafanya kwa kila mtoto aliyemwogesha katika nyumba ile. Akaenda kuchemsha maji. Simbilisi akabaki.

Wanafunzi wenzangu, tumezoea kuzijadili istilahi kana kwamba ni mali ya kamati na makongamano. Waama, kamati zina kazi yake. Lakini katika nyumba ile, mnyama angetupwa kwa sababu ya neno "ugonjwa", na aliokolewa na neno "tezi". Istilahi hiyo nayo ingekuwa maneno matupu kama haikufuatwa na vitenzi ambavyo mama alivijua kwa mikono yake. Tunapoandika Kiswahili cha sayansi, tuanzie hapo: kwa mambo ambayo msomaji wetu tayari anayatenda.