Boksi la Mninga

Nyumba aliyopanga fundi redio wetu wa Kilwa Kivinje, ile ya ghorofa moja yenye mlango wa nakshi kwenye barabara ya sokoni, haipo tena. Ukuta wa nyuma ulikwenda zamani. Wa mbele ulilala chini Mei 2024, katika mvua za kimbunga Hidaya, siku zile barabara ilipokatika Somanga na abiria wa Lindi wakakwama njiani. Waliokuja kuokota mawe ya kujengea walikuta chini ya kifusi sanduku la mbao, kimo chake kiunoni kwa mtu mzima, mbele lina matundu mawili ya mviringo, moja kubwa na moja dogo. Kijana mmoja akalichukua akalifanya kiota cha kuku. Nilipomuuliza kama anajua lilikuwa nini, alinijibu kwa adabu zote: "Si lilikuwa la kufugia njiwa, babu?"

Lilikuwa spika. Mbao zake mninga mtupu, pembe zimeungwa kwa meno bila msumari hata mmoja, na ndani bado mna mabaki ya sufi. Ubao wa nyuma una maandishi ya penseli, 7/74 au pengine 9/74, yamefifia. Mimi nilikuwa na hakika lilitengenezwa kabla watu wa mashamba hawajahamishiwa vijijini. Dada yangu anasema ni baada, maana anakumbuka lilivyovuma kwenye harusi yake. Tumebishana weee, mwisho tukaliacha.

Fundi mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Ufundi aliupata Mombasa, alikokwenda angali kijana na jahazi la boriti, akakaa kwa Mhindi mmoja aliyetengeneza gramafoni. Aliporudi alipanga chumba cha chini katika nyumba hiyo, akaweka meza, kabati la vioo lisilo na vioo, na benchi la wageni. Miwani yake mguu mmoja ulikuwa wa uzi. Pasi yake ya kuchomelea haikuwa ya umeme. Ilikuwa kipande cha shaba kwenye mpini wa mti, akikipasha katika jiko la mkaa, na juu ya jiko hilo hilo lilikaa birika la kahawa.

Harufu ya pale ningeitambua hata nikifungwa macho. Ukitokea pwani ulianza na ng'onda wa sokoni. Kisha likaja tope la mikoko, maji yakiwa yamekupwa. Halafu, hatua chache kabla ya mlango wake, ikakupokea risasi iliyoyeyuka, harufu kali yenye utamu kidogo, ya utomvu unaoungua, imechanganyika na tangawizi ya kahawa na vumbi la mninga uliotoka kupigwa randa. Leo nikipita kwa vijana wanaotengeneza simu pale Kilwa Masoko, pua hunirudisha Kivinje. Ila vijana hawa hawana kahawa, wala hawana benchi. Unakabidhi simu dirishani, unaambiwa urudi kesho.

Redio tulizokuwa nazo wengi wetu zilikuwa National, za kiwanda cha Matsushita cha Barabara ya Pugu, Dar es Salaam, au Philips za Arusha. Zilikuwa redio imara, lakini spika zake ndogo zilisemea puani. Mawe ya betri yakichoka tuliyaanika juani juu ya bati, yakapata uhai wa kutosha kumalizia matangazo ya vifo ya jioni, maana hayo hakuna aliyekubali kuyakosa; ndugu wa Lindi alijua msiba wa Dar es Salaam kwa njia hiyo, si nyingine. Aliyetaka sauti pana zaidi ya hapo, sauti ya kukaa nayo, alikwenda kwa fundi kuagiza boksi.

Fundi hakuanza na pesa. Aliuliza maswali mawili: chumba chako kina hatua ngapi, na wasikilizaji wako wanakaa wapi? Swali la pili ndilo lililokuwa kubwa, kwa sababu siku zile spika haikuwa ya mtu na mkewe. Ilisimama ndani, kando ya dirisha, lakini uso wake ulielekea barazani, na wenye haki nayo walikuwa jirani, wapita njia na wazee wa bao. Mwenye redio aliyejifungia nayo alisemwa.

Kisha alikuja kukiona chumba. Nyumba zetu za zamani zilikuwa rafiki wa sauti bila mtu kukusudia. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene, zisizonyooka. Dari la boriti zilizopangana. Sakafu imetandikwa majamvi na mikeka. Sauti ikigonga humo hairudi nzima, inatawanyika. Hata hivyo hakukubali spika iwekwe pembeni mwa chumba. Besi, alisema, hupenda kujazana kwenye kona. Nilikuja kusoma baadaye kwamba alikuwa sahihi kuliko alivyojua kueleza: wimbi la besi ya hezi 40 lina urefu wa meta nane na nusu hivi, na chumba cha meta nne na ushei hulishika wimbi hilo likazunguka humo humo, sauti nyingine zote zikazama. Yeye aliisogeza spika mkono mmoja kutoka ukutani, akasikiliza, akaisogeza tena, kisha akachora alama ya mkaa sakafuni.

Mbao alizichagua kwa kugonga kwa konzi, sikio limeinama, kama mtu anayechagua nazi. Ubao uliolia aliurudisha. Alitaka ubao bubu, kwa sababu spika ndiyo iimbe, boksi linyamaze. Mninga aliupenda kwa utulivu wake, na kwa kuwa mchwa hawauwezi. Watu walimuuliza mbona hatumii mpingo, nasi ndio wenyewe wa mpingo. Misitu ya Kilwa ndiyo inayopeleka mbao za klarineti na oboe Ulaya, na kijiji chetu cha Kikole mwaka 2009 kilikuwa miongoni mwa vijiji vya kwanza Afrika kupata cheti cha FSC kwa msitu wake wa asili. Lakini mpingo ni mzito kama deni, shina lake jembamba, halitoi ubao mpana. Huo tuliwaachia wapuliza zumari.

Ndani alijaza sufi aliyookota chini ya misufi ya Singino, sauti ya nyuma ya spika iishie humo. Kitambaa cha mbele kilikuwa gunia la korosho lililofuliwa mpaka likalainika. Karatasi ya spika ikichanika ukingoni aliishona upya kwa kitambaa cha mwavuli. Na kimo cha boksi hakukikisia: alimkalisha mteja kwenye kiti chake cha kila siku, akapima kwa kamba kutoka sakafuni mpaka sikioni, na lile tundu dogo la juu, la twita, likatobolewa hapo hapo. Sauti kali husafiri kwa kunyooka, alisema. Ikikupita juu ya kichwa, umebakiwa na ngoma bila maneno.

Siku ya kujaribu ilikuwa sherehe ya mtaa. Kwanza alifungulia taarifa ya habari. Kama "sa" na "sha" za mtangazaji zilichanganyika, boksi lilifunguliwa upya, hata kama mteja mwenyewe ameridhika. Baadaye ndipo ukaja muziki: Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, ambayo pamoja na jina lake makao yalikuwa Dar es Salaam, aone kama saksafoni inachoma masikio. Mwenye santuri za babu yake, zile za HMV ambazo Siti binti Saad alikwenda kuzirekodi Bombay mwaka 1928, aliombwa azilete. Zilikwaruza vibaya. Fundi alisema ndiyo sababu: spika mbaya hukupa mikwaruzo tu, nzuri hukupa mikwaruzo na mwimbaji nyuma yake. Mwisho alitoka nje, akavuka barabara, akakaa kwenye baraza ya jirani na kikombe chake. Akirudi ndani bila kusema neno, ujue imepita.

Kisha zikaja spika za Uarabuni. Ruksa ya kuingiza bidhaa ilipotoka, waliokuwa na ndugu Muscat na Dubai walianza kupokea makasha yenye picha: deki, ekolaiza, spika mbili ndefu zenye wavu mweusi. Zilikuwa nzuri, nisiseme uongo. Nilisikia vyombo ambavyo sikujua kama vimo kwenye nyimbo nilizozijua tangu utoto. Lakini ukingo wa spika zile ulikuwa wa sponji, na sponji na hewa ya bahari ya kwetu havikai pamoja; baada ya miaka kadhaa ulimeguka wenyewe, hata kama spika haijapigwa. Mbao zake zilikuwa unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi. Unyevu wa masika ukiingia miguuni, zinavimba. Fundi alizitazama, akaagiza mwavuli mwingine.

Aliaga dunia kabla televisheni haijatufikia. Bara ilianza 1994, na kwetu kusini ilichukua muda mwingine tena. Aliyetaka picha alikwenda kwenye kibanda umiza cha video, akakaa juu ya gogo, akatazama filamu ya Hong Kong huku msimulizi Lufufu akiisimulia kwa Kiswahili. Hapo mimi nilijifunza jambo. Spika za kibandani zilikuwa mbovu, milipuko yote ilisikika ugomvi mmoja, lakini sauti ya Lufufu ilipasua kila kitu, nao umati ulilipia sauti hiyo. Kwenye sinema kinachobeba kisa ni maneno.

Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, tukaachana na kivuko cha Rufiji. Gesi ya Songo Songo ikaanza kwenda Dar es Salaam 2004, ikitupita, sisi tukabaki na jenereta la dizeli kwa miaka mingine. Umeme ulipotengemaa zikaingia sabufa, kila nyumba yake, kila moja ina taa na inashindana na ya jirani. Sasa besi ya mtu unaipokea kitandani kwako saa saba za usiku, na maneno ya wimbo huyasikii hata ukienda kusimama mlangoni pake. Ukilalamika unaambiwa, mzee, hii ndiyo burudani.

Mpwa wangu amejenga Masoko, upande wa bandari ya uvuvi. Sebule yake ina vigae, dari la jipsamu, madirisha ya alumini, na televisheni pana kama mlango. Akataka hom-thieta yenye spika za kusimama sakafuni. Alinionyesha picha: "Mjomba, hii ina wati elfu kumi na mbili." Nikamwuliza itazitoa wapi. Soketi ya ukutani ina ampea 13, umeme ni volti 230. Zidisha, hazifiki wati elfu tatu, na hapo hata pasi haijachomekwa. Namba ya kwenye kasha ni ya kuuzia. Ya kununulia imeandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, nayo ni ya desibeli: spika ya desibeli 92 kwa wati moja inataka robo tu ya nguvu inayotakiwa na ile ya 86 ili zilingane sauti.

Tukapanda basi mpaka Kariakoo. Muuzaji alituwekea wimbo wenye besi ya kutikisa rafu, akatazama nyuso zetu kama zimefurahi. Nikamwomba atafute taarifa ya habari. Alicheka kweli. "Mzee, habari sikiliza kwenye simu, hizi za muziki." Mpwa wangu aliona haya, lakini akatafuta, na katika jozi ya kwanza "sha" zote zilikuwa "sa". Ya pili ilikuwa na mvumo, mtangazaji kana kwamba yumo pipani. Ya tatu, isiyo na urembo wowote, ilisoma habari.

Nikakagua ukingo wa spika: mpira, si sponji. Tundu la kupumulia liko mbele, maana sebule yake hairuhusu kuzivuta mbali na ukuta. Nikamshauri pesa ya spika za nyuma aiweke kwenye spika ya katikati, ya chini ya televisheni, kwa sababu maneno ya filamu karibu yote hupita humo. Za nyuma zitakuja mwakani. Sabufa ndogo, ichukue kuanzia hezi 80 kwenda chini, na isikae kwenye kona. Akabisha juu ya kona.

Kulikuwa na hili la kimo pia. Twita za spika hizo za minara ziko usawa wa meta moja kutoka sakafuni, sawa kabisa kwa anayekaa kwenye kochi. Lakini makochi kwa mpwa wangu ni ya wageni. Yeye, mkewe na watoto hutazama wakiwa chini, kwenye mkeka, mama yake kajinyoosha na mto. Waliounda spika zile hawakumfikiria dada yangu. Tuliweka vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, minara ikainama mbele kidogo, na dada akasema sasa anasikia wanachosema hao watu.

Pesa iliyobaki ilinunua mapazia mazito na majamvi mawili, kuua mwangwi wa vigae. Taa za rangi za kubandika kwenye spika alizinunua mwenyewe, baadaye, bila kuniuliza.