Kinyume cha Kununa

Likizo iliyopita niliombwa kuwafundisha Kiswahili watoto wa Darasa la Tatu kijijini kwetu. Katika visawe mtoto mmoja alisema mbuzi wao amefariki. Ikanibidi kueleza kwamba mbuzi hufa tu. Vinyume vilikwenda upesi, kwa kuwa vitendo vingine hupinduka kwa kutiwa u: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua. Ndipo binti mmoja, aliyekuwa hajanyosha mkono tangu Jumatatu, akasimama: "Nuna, nunua!"

Darasa zima likaangua kicheko, naye akaketi akitazama chini. Nikawanyamazisha. Kusema kweli, kanuni aliishika kuliko wote waliomcheka; neno nunua ndilo lisilotokana na nuna. Nikamwuliza, "Je, mtu aliyenuna akiacha kununa hufanya nini?"

Alifikiri kitambo. "Hukunjua uso, mwalimu."