Nimehama injini, raha imerudi

Kuna wanaocheza bao, kuna wanaofuga njiwa. Mimi mwenzenu starehe yangu ni kutengeneza gemu za kompyuta. Usicheke, msomaji. Silipwi hata senti tano na wala sitafuti mteja.

Sasa, gemu haiundwi mikono mitupu. Inataka injini, na siyo ile ya daladala. Ni programu inayobeba kazi ngumu: kuonyesha picha kwenye kioo, kutoa sauti, kujua kuwa mpira umegonga ukuta. We unabaki kupanga nani aruke na nani aanguke.

Injini yangu ya zamani ilikuwa nzito kwelikweli. Gigabaiti kibao, bando linakatika, na laptopu yangu ya mtumba inanguruma kama mashine ya kusaga. Ukigusa kitu kidogo, ungoje. Ikawa wiki tatu zinapita siifungui. Starehe ikageuka kibarua, jamani!

Halafu Septemba 2023 ikazuka kasheshe. Unity, moja ya injini maarufu duniani, ikatangaza ada ya kuhesabiwa kila gemu inapowekwa kwenye mashine ya mchezaji, ukishavuka kiwango fulani. Watengenezaji wakaja juu, na Septemba 2024 ada ikafutwa. Sisi wa kujifurahisha isingetugusa, ila katika makelele yale ndipo nikasikia jina la Godot.

Godot ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur wa Argentina. Tangu 2014 ni ya bure, na hata ndani yake unaruhusiwa kupekua na kubadilisha. Kuipakua haifiki megabaiti 200.

Kuhama si lelemama, bwana. Vitufe nilivyovizoea sikuvikuta, na lugha yake, GDScript, nilianza a, e, i, o, u. Lakini usiku wa tatu kijana wangu wa kuchora akawa anakimbiza ringi mtaani huku akikwepa madimbwi. Nikacheka peke yangu.

Gemu ile haitauzwa. Wapwa zangu wanaigombea, basi. Mtu akikuuliza starehe yako inaingiza shilingi ngapi, mwambie si kila kitu ni biashara. Chombo kikikuchosha, weka chini, shika kingine. Ukiona unasahau kula, ujue umepata chenyewe.