Hesabu ya lugha isiyochaguliwa

Nikiwa nyumbani Fizi nazungumza Kibembe na nyanya. Nikifika soko la Baraka, Kiswahili kinanitoka kabla sijafikiri. Sikumbuki siku niliyoamua hivyo. Mazoea yalijijenga ndani yangu polepole, na kujijenga huko kunaweza kuandikwa kwa hesabu.

Mwaka 1972 wanasaikolojia wa Marekani Robert Rescorla na Allan Wagner walitoa kanuni fupi iliyotokana na majaribio ya wanyama: kila mara, nguvu ya mazoea huongezeka kwa sehemu fulani ya pengo lililopo kati ya tuzo inayopatikana na ile iliyotarajiwa. Tuseme tuzo kamili ni 100 na sehemu hiyo ni moja ya tano. Mtoto akijibiwa vizuri kwa Kiswahili mara ya kwanza, mazoea hutoka 0 hadi 20. Mara ya pili hufika 36. Ya tatu 48.8. Hakuna hatua inayomtaka mtoto ajue kinachoendelea.

Lililonigusa zaidi ni hili: vichocheo viwili vikija pamoja, matarajio yake hujumlishwa. Kiswahili kikishafika 100, pengo limekwisha. Kibembe kikiongezwa kando yake hakipati kitu, hata kama tuzo bado inatolewa. Leon Kamin aliliona jambo hilo kwa panya katika miaka ya 1960. Mimi naliona kwa wadogo zangu: wanasifiwa wakichanganya lugha zote mbili, lakini Kibembe chao hakisogei.

Basi tukisema watoto wanaidharau lugha yao, tunawatwika nia ambayo hawana. Na anayetaka Kibembe kiishi asitosheke kukiweka kando ya Kiswahili. Akitafutie mahali ambapo ni chenyewe tu kinacholeta tuzo: hadithi za jioni, mafumbo, mazungumzo na wazee wasiojibu lugha nyingine.

Kanuni hii ina mpaka wake. Haielezi kwa nini tuzo ni tuzo. Kwamba Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa Kongo, hufungua soko, na Kifaransa hufungua ofisi, ni mambo yaliyopangwa na watu. Hapo hesabu inatuachia kazi sisi wanafunzi wa lugha: kuuliza nani alipanga, na kama inawezekana kupanga upya.