Mikono ya Bibi na Mbiu ya Mgambo

Nilizaliwa Diaca, katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Cabo Delgado. Mwaka niliomaliza sekondari, bibi yangu alishikwa na homa kali. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Siku ya nne homa ikashuka, lakini vidole vyake vikabaki vimevimba, na asubuhi alishindwa hata kushika mchi. Wiki zikawa miezi. Siku moja nilimwambia, "Bibi, homa imekwisha zamani, jikaze tu." Alinitazama, asinijibu. Maneno yale yananichoma mpaka leo.

Majirani waliuita ugonjwa ule chikungunya. Jina hilo ni la Kimakonde, lugha yetu ya nyumbani, na linaeleza jinsi mgonjwa anavyopinda kwa maumivu. Virusi vyake, vinavyoenezwa na mbu, vilitambuliwa mara ya kwanza ng'ambo ya Mto Ruvuma, kwa Wamakonde wa Newala, Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953. Miaka minne baadaye, mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua intaferoni huko London. Niliposoma habari hizi mbili chuoni, ndipo nilipoanza kuielewa mikono ya bibi.

Wahenga walisema, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Intaferoni ndiyo mbiu ya mwili. Seli iliyovamiwa na virusi huitoa, na seli jirani zikiipata hujifungia milango. Panya wasioweza kuisikia mbiu hiyo hufa wakiambukizwa chikungunya. Lakini kazi yake haiishii hapo. Huziamsha pia seli zinazobeba vipande vya virusi na kuvionyesha kwa seli T, askari wa kinga. Seli T iliyokwisha kumtambua adui, ikiisikia mbiu, huongezeka kwa wingi na kuishi muda wa kutosha kupigana.

Hata hivyo, mbiu ina wakati wake. Ikimfikia askari kabla hajaonyeshwa adui, yaweza kumzuia asiongezeke. Ikilia bila kukoma, hudhoofisha jeshi: mwaka 2013 watafiti waliizima kwa panya wenye maambukizi sugu ya virusi vingine, na kinga ya panya hao ikaweza kuvidhibiti virusi vizuri zaidi. Tena, askari wenyewe huweza kuiharibu nyumba wanayoilinda. Miongoni mwa panya walioambukizwa chikungunya, wale waliokosa seli T za aina ya CD4 hawakuvimba sana viungo, ingawa virusi havikupungua.

Kumbe homa inaweza kwisha, na vita visiishe. Uvimbe wa bibi haukuwa uvivu wala deko. Huenda ni askari wake mwenyewe waliokuwa bado wanapigana ndani ya vidole vyake.

Likizo iliyofuata nilimwamkia, nikakaa mkekani na kumweleza habari ya mbiu na askari. Kisha nikamwomba radhi. Akacheka. "Mjukuu wangu," akasema, "mimi nilijua siku nyingi. Mikono ni yangu."

Nikainuka, nikachukua mchi, nikamtwangia mahindi.